Bwana Shamba wa Kwenye Gazeti

Mwenzenu naandika safu ya bustani kwenye gazeti. Kila Alhamisi. Kuatika, kupalilia, kumwagilia, kupiga dawa, mambo hayo. Ni kazi halali, na ungekuwa unakaa Masaki na ndoo mbili za mnanaa kibarazani ungeiona ni kazi ya heshima. Tatizo mimi sikai Masaki. Nakaa Mazwi. Sumbawanga. Juu kabisa ya Ufipa, ambako mtoto wa darasa la pili anajua kuatika vitunguu, mlinzi wa benki ana mfuko wa mbegu chini ya kiti, na padri akirefusha mahubiri mwezi wa kumi na moja waumini wote shingo dirishani, wanaangalia wingu. Sasa nani hapo anasubiri Alhamisi nimwambie kabichi inapandwa sentimita 60 kwa 60?

Hakuna. Ila gazeti wananunua. Wananunua wapate cha kunibishia.

Majuzi nimetoka zangu kununua vocha. Muuza duka kashika hela yangu, hanipi vocha. Ananiangalia. "Bwana shamba, umeandika nyanya zifungwe kwenye mti wa mita moja na nusu."

"Ndiyo."

"Mti gani?"

Jamani. Mti. Mti ni mti. Nyuma yangu kuna foleni, kuna anayetaka sabuni ya kipande, kuna anayetaka mafuta ya kula ya kupima, wote wamenyamaza. Wanataka kujua mti gani. Mmoja akasema mkaratusi unateleza. Mwingine akasema mwanzi wa bondeni. Wakaanza kubishana wao kwa wao, na mimi nimesimama pale katikati na chenji yangu imeshikiliwa, nasikiliza semina ya bure kuhusu makala yangu mwenyewe. Mimi nilichoandika ni mti. Kwenye kile kitabu nilichochukulia walichora tu kijiti.

Halafu hilo jina. Bwana shamba! Mimi si bwana shamba. Bwana shamba ana cheti, ana pikipiki ya serikali, ana mabuti. Mimi nina kalamu na simu iliyopasuka kioo. Lakini ukishaandika neno "mbolea" gazetini mara mbili basi umeajiriwa, kazi inaanza hapo hapo, na mshahara utaulizia mbinguni.

Nimekaa msibani Katandala. Nimeinamisha kichwa kwa adabu, wasifu wa marehemu unasomwa, tumefika alipomaliza darasa la saba. Mtu ananigusa bega. Anafungua mfuko taratibu, anachomoa jani lina michirizi myeupe. "Hii nini?"

Nikanong'ona, kantangaze.

Mimi siku hizi jani lolote lenye kasoro nasema kantangaze. Huyu mdudu asili yake Amerika Kusini, Tanzania kaingia 2014, na ni mshenzi kwelikweli. Funza wake anajichimbia ndani ya jani lenyewe, katikati ya ngozi ya juu na ya chini, anakula huku kajifunika. Wewe unapuliza dawa juu, mwenzako unamwoshea paa. Nikamweleza yote hayo kwa sauti ya msibani, nimependeza, najisikia msomi.

Akasema, "Hili jani la kiazi."

Nikamwambia kantangaze anakula na viazi. Ambayo ni kweli! Nyanya na kiazi mviringo ni ukoo mmoja, naapa. Lakini uso wangu ulishachelewa, mtu akaliona lile pengo kati ya swali na jibu, akarudisha jani kwenye mfuko, akamgeukia mzee wa upande wa pili. Mzee hata hakuligusa. Kalitazama kwa mbali, kasema kitu kwa Kifipa, wote wawili wakaitikia kwa kichwa. Mpaka leo sijaambiwa alisema nini.

Na usinikumbushe mwaka 2017, viwavijeshi vamizi walipoingia nchini, na Rukwa tukawa miongoni mwa wa mwanzo kuonja. Ndiyo mwaka pekee niliosomwa na watu wenye njaa ya kusoma. Nikaandika kwamba kiwavi huyu utamjua kwa alama kichwani, mfano wa herufi Y iliyopinduliwa. Nikaandika anajificha kwenye moyo wa muhindi, mchana humwoni, hivyo mkulima apite alfajiri au jioni, atafute mayai chini ya majani, ayapondeponde. Nikajiona nimeokoa taifa. Simu ikaanza saa kumi na moja asubuhi. Laela. Mpui. Namanyere. "Bwana shamba, hii Y imepinduliwa kuelekea wapi?" Mwingine: "Nimemshika hapa mkononi, kageuza kichwa, sasa naona Y imesimama. Nimwachie?"

Nimwachie! Nimelala, na mke wangu kanigeuzia mgongo, na mtu yuko shambani na kiwavi kiganjani anasubiri hukumu.

Sasa tuje kwa mhariri. Mhariri yuko Dar. Kutoka hapa mpaka kwake ni zaidi ya kilomita 1,000 za lami, Tunduma, Mbeya, Makambako, Iringa, Morogoro, na kwa maoni yangu maarifa yake ya jiografia yanaishia Kibaha. Ananitumia meseji: "Wiki ijayo andika maandalizi ya vuli."

"Bosi, huku hatuna vuli."

"Kwa nini?"

Nimjibu nini? Nimpigie Mungu simu? Huku mvua ni moja. Inafungua Novemba, inafunga Aprili, ikishafunga imefunga, utaiona tena ukiwa umeshasahau mwavuli uliuweka wapi. Mwezi wa sita na wa saba ni upepo na baridi, tuko kama mita 1,800 toka usawa wa bahari, asubuhi mchicha unatamani sweta. Wewe unaniambia vuli. Akanyamaza siku nzima. Jioni akatuma: "Basi andika mwarobaini." Mwarobaini mti wa joto! Ule ni wa kule chini, bonde la Rukwa, ambako watu wanalala nje. Hapa juu ukiupanda unadumaa, unakuangalia kwa lawama. Nikaandika mwarobaini. Ningefanyaje? Nina kodi ya nyumba. Mtaani wakaniuliza kwa wiki nzima kama nimehama.

Halafu ana mtindo wa kukata. Makala ya bustani siri yake iko mwishoni, maana mwanzoni unabembeleza msomaji, katikati unaeleza dawa, mwisho ndiyo unataja kipimo. Yeye anakata mwisho. Anaweka tangazo la mganga anayerudisha mume kwa siku tatu. Kwa hiyo msomaji wangu anajua kabisa kwamba kabichi yake ina ukungu, anajua dawa ipo, kiasi gani hajui, ila mume atarudi.

Na malipo. Shilingi 15,000 kwa makala, ikija. Nampigia mhasibu, kwa heshima zote. Anapokea kwa furaha. "Mzee wa Sumbawanga! Usije ukanitumia radi bure!" Anacheka. Mimi nacheka. Watu wa ofisini kwao nawasikia nao wanacheka. Simu inakatika, hela haijatumwa. Jamani, hili jina baya la uchawi tunalobeba watu wa huku lina faida gani? Nchi nzima inaogopa kutugusa, ila kutotulipa hawaogopi hata kidogo. Ningekuwa na radi mimi ningekuwa nadai hela za makala tangu mahindi ya mwaka juzi?

Kuna fundi baiskeli wa Chanji. Huyu ndiye kanitia doa kubwa, na kosa si langu, naomba hili lieleweke. Niliandika makala, kichwa cha habari herufi kubwa: USIMWAGILIE NYANYA MCHANA. Ushauri mzuri kabisa. Maji ya mchana jua linakula nusu, na ukilowesha majani hovyo hovyo umeikaribisha bakajani. Mwagilia asubuhi, kwenye shina. Ilitoka vizuri, hata mhariri hakukata. Wiki iliyofuata gazeti likafika pale gazeti linapofikaga, kwa muuza karanga. Muuza karanga kachana vipande vyake. Kipande cha fundi kikaanzia MWAGILIE NYANYA MCHANA.

Ile USI ilikwenda na karanga za mtu mwingine.

Fundi kamwagilia. Saa saba, saa nane, jua la utosi, debe kwa debe, juu ya majani. Mtu ana imani. Alipokuja kwangu hakuja na hasira, angekuja na hasira ningejua pa kukimbilia. Alikuja na kile kipande, kimeloa mafuta ya karanga, kakikunja vizuri kwenye mfuko wa shati. Akakifungua. Akaweka kidole kwenye kapicha kangu kadogo pale pembeni. "Huyu si wewe?" Nikaangalia kama vile ningeweza kukataa. Ni mimi. Nimetabasamu. Kwenye ile picha mimi hutabasamu sana. Tangu siku hiyo baiskeli yangu ananitengenezea, ila breki ananiambia nikakaze mwenyewe, si najua kila kitu.

Mzee mmoja hapa mtaani, mstaafu, bwana shamba wa kweli wa serikali, ana kabati limejaa Ukulima wa Kisasa za zamani, lile jarida la wizara. Ananihurumia. Akaniambia mjukuu wangu, usijione wa kwanza, hii kazi ina wenyewe. Akanipa stori ya Joseph Thomson. Mskoti, kijana wa miaka 22, kapita Ufipa mwaka 1880 na msafara aliorithi baada ya mkubwa wake, Keith Johnston, kufia njiani. Kapita tu! Hajashika jembe, hajapalilia hata mche mmoja. Kaandika kwamba katika makabila aliyoyaona hajaona watu waliojitoa kwenye kilimo kama Wafipa. Kaliona Ziwa Rukwa kwa mbali, kalibatiza Ziwa Leopold, huyoo kaenda zake. Na kitabu kikatoka mwaka uliofuata. Mwaka uliofuata, jamani! Mimi Alhamisi yenyewe inanishinda.

Akanionyesha na kitabu cha mwaka 1934, cha bustani za Afrika Mashariki, mhariri wake daktari mmoja, Jex-Blake, kimeandikwa na wanachama wa chama cha bustani cha Kenya. Nilikitamani. Waridi, nyasi za kufyeka, maua ya kuzungushia njia ya kuingilia nyumba. Ukikisoma unajua kabisa kuna mtu mwingine pale ndiye aliyeshika jembe, na huyo hakupewa sura ya kuandika. Waandishi wale walikuwa na raha yao, aliyelima hakuwa na namna ya kuwajibu. Mimi aliyelima anasoma, na ana namba yangu ya simu.

Nikaenda kumweleza mke wangu habari ya Gertrude Jekyll, yule mama wa Kiingereza aliyefariki 1932, makala zaidi ya 1,000 kaandika za bustani, na macho yalikuwa yanamsumbua vibaya. Nilitaka anione kwamba hii kazi ni ya kuvumilia.

"Alikuwa na bustani?" akauliza.

"Alikuwa nayo."

"Haya," akasema, akaendelea kupepeta mchele.

Maana hapo ndipo penye donda. Bustani yangu mimi. Ipo! Iko nyuma ya nyumba, futi chache, kati ya choo na kamba ya kuanikia. Mwenye nyumba ana bata. Bata hawa wamesoma makala zangu zote, naamini hivyo, kwa sababu ninachokisifia Alhamisi wanakila Ijumaa. Kilichobaki ni mbono mmoja ambao hata sikuupanda. Kwa hiyo mboga tunanunua. Na mke wa mwandishi wa bustani hawezi kuonekana sokoni ananunua mboga, ni aibu ya gazeti zima. Basi anazungukia uchochoroni, anaingia kwa bibi wa nyumba ya pili kwa mlango wa uani, anatoka na fungu la chainizi kalifunika na kanga, anatembea haraka macho chini. Majirani wanadhani tunauza gongo.

Huyu bibi ndiye chanzo cha riziki yangu na ndiye adhabu yangu. Kusoma hajui. Alhamisi nampelekea gazeti, nakaa kwenye kigoda, namsomea makala yangu mwanzo mpaka tangazo la mganga. Anasikiliza huku anachambua maharage. Hasemi kitu. Nikimaliza anasema, "Mh." Ile "mh" inanirudisha nyumbani kuandika upya.

Nilimsomea ya mboji. Nilijivunia ile. Chimba shimo au jenga sanduku la mbao, panga tabaka la majani makavu, tabaka la majani mabichi, samadi, majivu, mwagia maji, geuza kila baada ya wiki kadhaa, ikishaiva beba peleka shambani. Bibi akaacha kuchambua.

"Inabebwa na nani?"

"Na mwenye shamba, bibi."

"Kwa nini majani aliyoyatoa shambani ayapeleke nyumbani, halafu ayarudishe shambani?"

Nikatazama karatasi yangu. Karatasi haikuwa na jibu.

Ndipo akanieleza ntumba. Nimezaliwa mkoa huu huu na nilikuwa nayaona yale matuta ya mviringo kila mwaka, mashamba yamevimba vipele vipele toka barabarani mpaka milimani, nikidhani ni urembo. Kumbe mvua zikikaribia kuisha wanalifyeka lile jani lililoota, wanaligeuzia kwa jembe katikati, wanalifunika udongo, linakuwa tuta. Jani linaozea humo humo ndani. Juu yake maharage yanapandwa, yanakula ule unyevu wa mwisho. Msimu mwingine mvua zikija wanayabomoa matuta, wanatandaza udongo uliokwishaiva, wanamwaga ulezi. Sanduku hakuna. Kubeba hakuna. Mbolea inajipika pale pale itakapoliwa. Wasomi wametoka Ulaya na wapi kuja kulichora tuta hilo na kuliandikia vitabu, na bibi kaniambia kwa dakika tano, bila kuinuka, huku ananidharau.

Nikaliandika. Neno kwa neno. Ndiyo makala yangu iliyopendwa kuliko zote. Msomaji wa Morogoro akaandika barua kwa mhariri kwamba mwandishi huyu ni mbunifu, aendelee na utafiti wake. Nikamsomea bibi na hiyo barua, bila kufikiria. Akasema, "Mh." Kesho yake akatuma mjukuu: bibi anasema utafiti umeishiwa sukari. Kilo moja. Tangu hapo kila makala ina kilo yake, na bei ya sukari mnaijua. Ukitoa sukari, vocha na bando, ile 15,000 inaniacha na hela ya kunyoa, kidevu tu.

Sasa msala wa juzi. Mhariri kaamua safu ipate picha kubwa ya rangi. Picha ya mwandishi akiwa bustanini kwake. Wenzetu wa Mkulima Mbunifu, lile jarida linalotoka Arusha tangu 2011, wao wanampiga picha mkulima kwenye shamba lake, jina lake, tabasamu lake. Wana adabu. Mhariri wangu anamtaka mwandishi. Nikampigia mpiga picha wa mtaani, nikavaa shati la Krismasi, nikaenda kusimama kwenye kabichi za bibi. Nilimwomba bibi akae pembeni kidogo kwa ajili ya mwanga. Alikaa pembeni. Mwanga! Na mimi nikasema mwanga, mbele ya mtu mzima.

Picha imetoka nusu ukurasa. Kabichi zimejaa pomoni, mimi nimeinama nashika moja shavuni. Chini wameandika: mwandishi wetu akikagua zao lake Mazwi. Na chini yake tena, hiki sikuambiwa, wametangaza kwamba Jumamosi hii wasomaji wanakaribishwa kuitembelea bustani hiyo, kujifunza kwa vitendo, bure kabisa.

Simu hazilali. Kuna kikundi cha akina mama cha Matai wamekodi Noah. Kuna mwalimu wa Kaengesa analeta darasa zima. Fundi baiskeli amesema atakuja na yeye, na kile kipande chake bado anacho.

Nimekwenda kwa bibi jana usiku, nimepiga goti kabisa. Mke wangu alikuwepo, kaja kuchukua chainizi, hakunitetea. Bibi kafikiri, kauliza Noah inabeba watu wangapi. Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu. Kasema waje. Kiingilio buku kwa mtu, watoto mia tano, miche itauzwa mlangoni, na maelezo atatoa mwenyewe kwa Kifipa. Mimi nimepewa ndoo. Nitachota maji bombani, wageni wanawe mikono kabla ya kushika miche. Nikamuuliza taratibu, bibi, wakiniuliza mimi ni nani hapa niseme nini? Akasema niwaambie wasubiri kidogo, mwenye bustani anakuja.